Sababu za Kujifunza Kiswahili Masisi na Walikale: Mtazamo wa Kihistoria

Tangu mwaka 1959 R.C. Gardner na W.E. Lambert, waliochunguza wanafunzi wa Montreal waliosomea Kifaransa, wanaisimu wamezoea kutofautisha anayejifunza lugha ili apate kazi na anayejifunza ili awakaribie wenye lugha hiyo. Tofauti hiyo inamfaa mwanafunzi wa Kichina katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako Taasisi ya Confucius ilifunguliwa mwaka 2005. Wachina anawaona, ajira anaitarajia, na kuchagua anachagua mwenyewe. Masisi na Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, tofauti hiyo inapwaya. Huko watu walijifunza Kiswahili bila kuwapo jirani ambaye ndiye mwenyewe.

Wenyeji wa Masisi ni Wahunde. Wa Walikale ni Wanyanga, pamoja na Wakumu na wengineo. Lugha zao hazikuwa na upungufu wowote. Utendi wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck aliurekodi kwa Shekarisi Rureke mwaka 1956 na kuuchapisha pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969, watosha kumnyamazisha anayedhani kuwa Kiswahili kilikuja kuziba pengo.

Kiswahili kilienea kutoka Maniema pamoja na wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Vita vya 1892-1894 viliuvunja utawala wao, lakini lugha ilibaki, ikatumiwa na misheni, makampuni na watawala wa Kibelgiji. (Jeshi la kikoloni lilitumia Kilingala, na jambo hilo nalo lilikuwa na athari yake: Kilingala kilinuka amri.) Kuanzia mwaka 1937 wakoloni waliwahamishia wakulima wa Rwanda huko Gishari, Masisi, mpango uliodumu hadi mwaka 1955. Hapo ndipo penye kiini cha suala. Mhunde na Mnyarwanda walipokutana sokoni au shambani kwa mzungu, wangesema lugha ipi? Yaelekea kukubali Kihunde kulikuwa kukiri ardhi ni ya nani, na kukubali Kinyarwanda kulikuwa kukiri kwamba wageni wamekuwa wengi. Kifaransa kilikuwa cha waliosoma. Kiswahili hakikumpa yeyote ushindi.

Walikale sababu ya riziki ilikuwa wazi zaidi. Machimbo ya kasiteriti, na hasa Bisie baada ya mwaka 2002, yaliwakusanya wachimbaji, wachukuzi na wanunuzi wa makabila mengi, na bei lazima ipatanwe kwa lugha moja.

Hata hivyo riziki haielezi yote. Mwezi Machi 1993 soko la Ntoto, Walikale, lilishambuliwa, na mauaji yakaenea hadi Masisi. Katika siku za namna hiyo, kusema lugha ya mama barabarani ni kujitaja kabila. Kiswahili kilikuwa sitara, ingawa sitara yenye matundu, kwani matamshi humtoboa msemaji. Gardner na Lambert hawakuwa na kundi la watu wanaojifunza lugha ili wasitambulike.

Mtoto wa Kihunde aliyekulia katika kambi za waliohama makwao kandokando ya Goma, hadi kambi hizo zilipovunjwa mapema mwaka 2025, aghalabu amekipata Kiswahili bila kukisomea. Akiulizwa leo sababu za kujifunza lugha nyingine, huenda lugha hiyo ikawa Kihunde cha babu yake.