Nahodha Aliyeitwa Tena

Reli ya Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na Wahindi walioifuata kupitia Shinyanga walikuja kwa ajili ya pamba. Walijenga vinu vya kuchambulia, wakafungua maduka, na Wasukuma wakawajua kama watu wa mizani na vitambaa. Mchezo wao wa kriketi, hata hivyo, haukushuka mitaani. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki ulibaki ndani ya kuta za vilabu vya jumuiya zao: Waismailia kwao, Wagoa kwao, Masingasinga kwao.

Ndiyo maana kikosi cha Afrika Mashariki kilichokwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Juni 1975, kwa sehemu kubwa kilikuwa cha Wahindi. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Nairobi. Tanzania ilitoa Shiraz Sumar na Praful Mehta. Uganda ikamtoa John Nagenda, mmoja wa Waafrika wachache kikosini, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kalamu na siasa kuliko kwa mpira. Walipoteza mechi zote tatu. India iliwatoa wote kwa mikimbio 120, kisha ikaipita hesabu hiyo bila kupoteza hata mpigaji mmoja.

Wakati huo Aasif Karim alikuwa mtoto wa miaka 11. Alizaliwa Mombasa Desemba 1963, siku tatu baada ya Kenya kupata uhuru. Alikua na raketi na gongo, na michezo yote miwili ilimfikisha mbali: tenisi aliichezea Kenya katika Kombe la Davis. Katika kriketi alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto, mpira wake wa polepole, wenye kujipinda baada ya kugusa ardhi. Si aina ya mrushaji anayeogopesha kwa mbali. Hatari yake huijua mpigaji aliyekwisha kukosea.

Alipokuwa akikomaa, timu ya taifa ilikuwa inabadilika sura. Vijana wa Kiafrika wa Nairobi, wengi wao Waluo, walikuwa wameingia katika vilabu vya Wahindi: Steve Tikolo alichezea Swamibapa, Maurice Odumbe akawa Aga Khan. Hao ndio walioubeba mchezo. Tarehe 29 Februari 1996 mjini Pune, Kenya chini ya Odumbe iliwatoa wapigaji wote wa West Indies kwa mikimbio 93 tu, ikashinda. Karim alikuwa mmoja wa wachezaji wa asili ya Kihindi waliobaki katika timu hiyo, na mwaka uliofuata unahodha ukamwangukia yeye.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo sifa yake ilipo, na husahaulika. Harilal Shah aliongoza watu wa vilabu kama chake. Karim alipaswa kuongoza nyota ambao hawakuwa wa jumuiya yake, na mmoja wao alikuwa amevaa unahodha kabla yake. Mei 1998, mjini Gwalior, timu yake iliifunga India nyumbani kwake kwa mikimbio 69. Odumbe ndiye aliyeng'ara siku hiyo, kwa gongo na kwa kurusha.

Kombe la Dunia la 1999 halikuwa na huruma. Kenya ilipoteza mechi zote tano. Kule Bristol walikutana na Sachin Tendulkar wa India, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa mazishi ya baba yake, kisha akapanda ndege tena kwenda Uingereza; akawapiga mikimbio 140 bila kutolewa. Karim alistaafu baada ya mashindano hayo.

Mwaka 2003 Kenya ikamwita tena kwa Kombe la Dunia. Alikuwa na miaka 39, na nahodha sasa alikuwa Tikolo. New Zealand walikataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, Kenya ikapewa pointi za mechi hiyo; lakini Sri Lanka walikwenda, wakafungwa uwanjani. Hivyo Kenya ikafika hatua ya timu sita bora.

Tarehe 15 Machi, mjini Durban, ilikuwa zamu ya Australia, mabingwa wa dunia. Brett Lee aliwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo, na Kenya ikaishia mikimbio 174. Adam Gilchrist alianza kuiramba hesabu hiyo kwa haraka. Kisha Karim akapewa mpira. Ova moja ni mipira sita, na ova isiyotoa mkimbio hata mmoja ni tunu. Yeye alirusha ova nane na mipira miwili, sita kati ya hizo hazikutoa kitu. Aliruhusu mikimbio saba. Akamtoa Ricky Ponting, nahodha wa Australia, akamtoa Darren Lehmann, kisha Brad Hogg. Australia ilishinda kwa wiketi tano, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim.

Siku tano baadaye, palepale Durban, India ilimaliza safari ya Kenya katika nusu fainali kwa mikimbio 91, na Karim akastaafu kwa mara ya pili. Agosti 2004 Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kushirikiana na wachezesha kamari. Migogoro ya uongozi na malipo ikaendelea kuula mchezo, hadi mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Miongoni mwa waliocheza katika siku hizo za mwisho alikuwa mlinda wiketi Irfan Karim, mwana wa Aasif.