Kutoka Grimeton hadi Ardrossan: Kuufuata Waya

Karibu na mji wa Varberg, pwani ya magharibi ya Uswidi, imesimama minara 6 ya chuma, kila mmoja una urefu wa mita 127. Hicho ndicho kituo cha redio cha Grimeton, ambacho UNESCO ilikiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2004. Heshima hiyo kinaistahili. Hata hivyo, kila ninapoirejea historia ya mawimbi marefu naikuta imeandikwa kwa upande wa mdomo tu. Waliorusha wametukuzwa, waliopokea wamesahaulika, ilhali kazi ngumu ilikuwa yao.

Mdomo wenyewe ulibuniwa na Ernst Alexanderson, Mswidi aliyehamia Marekani mwaka 1901 na kuajiriwa na General Electric. Mtambo wake ni jenereta: sahani nene ya chuma yenye mapengo 488 ukingoni, inayozunguka mara 2,115 kwa dakika. Zidisha namba hizo, ugawe kwa 60, utapata 17,202. Ndiyo masafa ya Grimeton mpaka leo, kilohezi 17.2, na wimbi lake moja lina urefu wa zaidi ya kilomita 17.

Uswidi ilitaka mtambo huo kwa sababu ya funzo la vita. Agosti 1914 Waingereza walikata nyaya za simu za Wajerumani chini ya bahari, na makoloni ya Ujerumani yakabaki kutegemea redio. Habari za Berlin zilifika Dar es Salaam kwa kupitia kituo kikubwa cha Kamina, Togo. Basi tarehe 8 Agosti, manowari ya Kiingereza Astraea ilipotokea Dar es Salaam, ililenga mizinga yake kwenye kituo cha redio. Kabla ya mwezi kwisha Wajerumani wenyewe waliibomoa Kamina isije ikatekwa. Nchi ndogo isiyotaka habari zake zipite mikononi mwa wengine haikuhitaji kuelezwa mara mbili. Grimeton ikaanza kazi Desemba 1924, na Mfalme Gustaf wa Tano akaizindua rasmi tarehe 2 Julai 1925.

Lakini Grimeton, iliyokusudiwa kuwasiliana na Marekani, haikuweza kuisikia. Mtambo wa kilowati 200 ukinguruma, hakuna chombo kilicho jirani kitakachosikia kitu kingine. Kupokea kukahamishiwa Kungsbacka, upande wa kaskazini, ambako ulitandazwa waya wa kilomita 13. Upande wa pili wa Atlantiki walifanya vivyo hivyo: walirusha kutoka Rocky Point, katika kisiwa cha Long Island, wakapokelea Riverhead.

Adui wa wapokeaji alikuwa radi zaidi ya umbali. Masafa haya husafiri kati ya ardhi na tabaka la ayoni la angani kama maji kwenye mfereji, na radi hutema nguvu nyingi katika masafa hayo hayo. Bonde la Kongo ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na kelele zake huvuka mabara. Mswidi aliyevaa visikizio mwaka 1925 alikuwa akizisikiliza pia dhoruba za Kongo, apende asipende.

Dawa ilitoka kwa Harold Beverage, mhandisi wa Marekani ambaye pia alikuwa mwanaredio wa ridhaa. Waya wake mrefu, uliotandazwa juu kidogo ya ardhi, husikiliza upande mmoja na kuzipunguza kelele za pande nyingine. Desemba 1921 waya wa aina hiyo ulitua uwanjani Ardrossan, pwani ya Uskoti. Chama cha wanaredio wa ridhaa wa Marekani, ARRL, kilikuwa kimemtuma Paul Godley kujaribu kama mitambo midogo ya wenzake ingesikika ng'ambo. Sheria ya 1912 ilikuwa imewasukumia wanaridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, yaliyodhaniwa hayana faida. Godley akiwa hemani, katika baridi na mvua, alipokea ujumbe wa kituo cha 1BCG, cha Connecticut, katika wimbi la mita 230 hivi, juu kidogo ya mpaka huo.

Hapo ndipo historia ilipopinda. Baada ya majaribio ya namna hiyo, watu wakayakimbilia mawimbi mafupi, na miaka michache baadaye minara mirefu ikaonekana ghali na ya kizamani. Grimeton iliokolewa na nyambizi, kwa kuwa masafa ya chini hupenya maji ya bahari kwa mita kadhaa. Jeshi la majini likaendelea kuihitaji hadi miaka ya 1990.

Leo mtambo huwashwa kwa siku chache tu, zikiwemo asubuhi ya mkesha wa Krismasi na Jumapili iliyo karibu na 2 Julai. Wanaridhaa huinasa SAQ, kama kituo kinavyoitwa hewani, kwa waya uliozungushwa kwenye fremu ya mbao na kuchomekwa kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Kadi ya sauti inayochukua vipimo 48,000 kwa sekunde hufika karibu kilohezi 24, kwa hiyo 17.2 inaingia bila redio yoyote. Tatizo ni nyumba zetu. Chaja, televisheni na taa za LED hunguruma kuliko radi, ndiyo maana wengi huichukua kompyuta inayotumia betri wakaenda nayo uwanjani, mbali na umeme. Godley angewaelewa.

Wapo wanaorusha wenyewe pia. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2007 uliwapa wanaridhaa ukanda mwembamba kuanzia kilohezi 135.7 hadi 137.8, kwa nguvu isiyozidi wati 1 inayotoka kwenye antena. Kwa wati hiyo wameivuka Atlantiki. Wanafanikiwa kwa kupokea polepole: nukta ya Morse hurefushwa hadi sekunde 30, au hata 60, chujio hubanwa sana ili kelele ipungue, kisha ujumbe husomwa kwa macho kwenye skrini. Kwa nukta ya sekunde 60, herufi tatu za SAQ peke yake zingechukua dakika 29.