Chungu Kilichovunjika Mguu

Mtu akienda kwa mpiga ramli hapa kwetu, na mchanga ukatoa sura mbaya, swali lake la kwanza huwa ni moja: nitoe nini? Kuku, sadaka, au kafara kubwa zaidi? Ndugu msikilizaji, juma hili tuvuke bahari twende Uchina ya kale, kwa watu waliokuwa na swali jingine ambalo, kwa maoni yangu, ni gumu zaidi. Hii sura mbaya, ni nani mwenye haki ya kusema maana yake?

Tuanze na mifupa. Mahali panapoitwa Anyang, kaskazini mwa Uchina, palikuwa na makao makuu ya wafalme wa nasaba ya Shang. Wafalme hao hawakwenda vitani, hawakuwinda, wala hawakutoa tambiko bila kwanza kuuliza. Lilichukuliwa gamba la tumbo la kobe, au mfupa wa bega la ng'ombe, likachimbwa vishimo upande wa nyuma, kisha kishimo kikagusishwa kitu cha moto. Upande wa mbele ukapasuka ufa, na ufa ule ndio uliosomwa. Mara nyingi swali na jibu vilichongwa juu ya mfupa wenyewe. Baadaye mifupa hiyo ilisahaulika ardhini, hata wakulima wakawa wanaifukua na kuiuza kama dawa, wakiiita mifupa ya joka. Mwaka 1899 msomi mmoja wa Beijing, Wang Yirong, alitambua ya kuwa mikwaruzo ile ilikuwa maandishi. Tangu hapo vimepatikana vipande zaidi ya 100,000.

Kipande kimoja kinamhusu Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, yapata mwaka 1200 K.K. Mama alikuwa mjamzito, na swali lilikuwa kama uzazi utakuwa wa heri. Mfalme mwenyewe aliusoma ufa. Akasema, akijifungua siku ya ding, ni heri. Akijifungua siku ya geng, ni heri kubwa. Juma la Wachina wa wakati ule lilikuwa la siku kumi, kwa hiyo mfalme alitaja siku mbili na kuziacha nane. Mwandishi akamalizia kwa kuchonga kwamba siku ya thelathini na moja, ambayo haikuwa ding wala geng, mama alijifungua, na haikuwa heri. Alikuwa mtoto wa kike.

Hebu utazame mambo mawili hapo. La kwanza, mfalme hakukosea hata kidogo. Alijiachia mlango wa kutokea. La pili linachoma zaidi. Mama wa mtoto huyo aliyeitwa nuksi ndiye anayetajwa katika mifupa mingine akihusika na jeshi la watu 13,000 waliokwenda kupigana na Waqiang. Kaburi lake lilifukuliwa mwaka 1976 likiwa halijaguswa na wezi, na ndani yake mlikuwa na vyombo na silaha za shaba nyeusi zaidi ya 400, yakiwemo mashoka makubwa ya vita yenye jina lake. Ufa haukusema kwamba binti ni balaa. Waliosema hivyo ni wanaume waliokuwa wameushika mfupa.

Baada ya Shang kuangushwa na Zhou, karibu mwaka 1046 K.K., njia nyingine ilienea, ile ya kuhesabu vijiti vya mmea mkavu. Vijiti hutoa mistari sita, mizima au iliyokatika, na jumla ya sura zote ni 64. Anayeijua ramli yetu ya sura 16 zenye safu nne za nukta, moja moja au mbili mbili, hatapata taabu kuelewa. Maana za sura hizo zimo katika kitabu cha Yi Jing.

Sura mojawapo ni ya chungu. Usifikirie chungu cha udongo juu ya mafiga. Hiki kilikuwa cha shaba nyeusi, na mafiga yake ni miguu yake mwenyewe. Kilipikiwa nyama ya tambiko na kilikuwa alama ya utawala. Katika mstari wa nne mguu unavunjika, na chakula cha bwana mkubwa kinamwagika. Ni fali mbaya, bila kificho.

Mwandishi Wang Chong, aliyezaliwa mwaka 27 B.K., anasimulia kwamba nchi ya Lu ilipotaka kuwavamia Wayue ilipata mstari huo. Zigong, mwanafunzi wa Confucius, alisema ni balaa, kwa kuwa jeshi hutembea kwa miguu na mguu umevunjika. Mwalimu wake akasema ni heri: Wayue wanaishi majini, huendewa kwa mashua, miguu ya nini? Lu wakaenda, wakashinda. Wang Chong aliandika miaka zaidi ya 500 baada ya Confucius kufa, nami nina shaka kama vita hivyo vilipiganwa kweli. Tena, kama Lu wangeshindwa, nani angekumbuka maneno ya mwalimu? Angesifiwa Zigong.

Kusoma kibaya kuwa kizuri ni kazi rahisi, hasa mbele ya mkubwa. Ndiyo maana mimi namheshimu zaidi mwanamke mmoja wa nchi hiyohiyo ya Lu. Mu Jiang alikuwa mama wa mtawala. Alishirikiana na hawara yake, aliyekuwa waziri, kutaka kuziangamiza koo mbili kubwa za nchi, akamtishia hata mwanawe kwamba anaweza kumwondoa. Njama ilivunjika mwaka 575 K.K. Hawara akakimbia, mama akafungiwa katika Jumba la Mashariki.

Alipoingia humo, vijiti vilipigwa. Ikatoka sura ya mlima juu ya mlima, maana yake kusimama, kutotikisika. Karani wa bao, mpambe kama wapambe wote, akaona mistari ikigeuka na kuzaa sura nyingine, ya kufuata. Akasema kufuata ni kutoka. Bibi, utatoka upesi.

Mu Jiang alikataa. Alikijua kitabu kuliko karani. Akamweleza kwamba sura ya kufuata huahidi kutolaumiwa kwa mwenye wema, adabu, haki na uthabiti tu. Yeye aliingia katika fitina, akaivuruga nchi, akajidhuru mwenyewe, akaisahau heshima ya cheo chake. Hakuwa na hata sifa moja kati ya hizo nne, basi sura ile ingemhusu vipi? Huenda mwanamume aliyeandika habari hizi ndiye aliyemwekea maneno mdomoni, maana hotuba yenyewe imepangika mno kwa mtu aliyekwisha fungiwa. Hata hivyo imebaki kitabuni kwamba mfungwa alipewa fali njema akairudisha, akamwambia karani kuwa atafia humo.

Mwaka 564 K.K. Mu Jiang alikufa katika Jumba la Mashariki.