Gurudumu likilia: Namna ya kutambua chanzo cha mlio kabla ya kununua spea

MADEREVA wengi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, wanaufahamu vyema mlio huo. Gari huondoka likiwa kimya, lakini likishika mwendo gurudumu moja huanza kunguruma, kugonga au kukwaruza, na hakuna anayejua sababu.

Aghalabu dereva huongeza sauti ya redio na kuendelea na safari. Mwingine hukimbilia gereji ya kando ya barabara, akabadilishiwa pedi za breki, kisha beringi, kisha shokabzoba, na jioni akarejea nyumbani mfuko ukiwa mtupu na mlio ukiwa ungali pale pale.

Njia zote mbili ni ghali. Ya pili humpotezea mtu fedha, lakini ya kwanza yaweza kumpotezea maisha, kwani beringi iliyochakaa kabisa au nati zilizolegea zinaweza kulifanya gurudumu lichomoke gari likiwa mwendoni.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mlio wa gurudumu hufuata kanuni. Muhimu si namna unavyosikika tu, bali ni wakati gani unapobadilika: je, ni mwendo unapoongezeka, usukani unapozungushwa, breki inapokanyagwa, au gari linapopita kwenye shimo? Anayeweza kujibu maswali hayo manne huwa amekwisha kupunguza orodha ya washukiwa hadi mmoja au wawili.

Mashimo, maji na matope

Sehemu kubwa ya Eastlands imejengwa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba unyeshapo na kunywea unapokauka. Mwendo huo wa ardhi huchangia kupasuka kwa lami na kuzuka kwa mashimo, hasa katika barabara za ndani ya mitaa.

Gurudumu linapotumbukia shimoni, pigo hupokelewa na beringi, yaani zile gololi zinazolizungusha gurudumu kwenye kitovu chake. Gololi hizo huacha vijidonda kwenye njia yake ya chuma, na mngurumo huenda ukaanza kusikika majuma kadhaa baadaye, dereva akiwa amekwisha kulisahau shimo lenyewe.

Maji nayo ni adui. Katika mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, barabara kadhaa za Nairobi ziligeuka mito. Maji yakipenya kizuizi cha beringi huharibu grisi na kuleta kutu.

Mlio unaofuata mwendo

Iwapo mlio huongezeka kadiri gari linavyoongeza kasi, na haubadiliki hata gia ikitolewa na injini ikaachwa ipumue, basi injini haihusiki. Washukiwa wakuu ni tairi na beringi.

Anza na tairi, kwa kuwa ukaguzi wake hauna gharama. Kijiwe kilichonasa katika meno ya tairi hutoa mlio wa "ta-ta-ta" unaoharakishwa na mwendo. Tairi iliyolika kwa mabonde na vilima hunguruma, na mngurumo wake hubadilika gari linapotoka kwenye lami kuukuu na kuingia kwenye lami mpya. Papasa uso wote wa tairi kwa kiganja, gari likiwa limesimama.

Shaka ikibaki, badilisha tairi za mbele na za nyuma. Mlio ukihama pamoja na tairi, mkosaji amepatikana. Ukisalia pale pale, igeukie beringi.

Matope nayo hudanganya. Udongo mweusi ukigandamana ndani ya rimu na kukauka, gurudumu hupoteza mizani na gari hutetemeka. Dereva huenda akanunua spea ilhali alichohitaji ni maji na brashi.

Mlio wakati wa kukata kona

Gari linapokata kona, uzito wake huelemea upande wa nje. Nchini Kenya, ambako magari hupita kushoto, kuzunguka kwenye mzunguko wa barabara kama ule wa City Stadium katika Barabara ya Jogoo ni kukunja kulia. Uzito basi huenda kushoto. Mngurumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kushoto. Ukizidi katika kona ya kushoto, shuku ya kulia. Hii ni dalili wala si hukumu, hivyo ni sharti ithibitishwe kwa jeki.

Mlio wa "kwa-kwa-kwa" unaosikika usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho na gari likianza kuondoka ni jambo tofauti. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, mathalan Toyota Vitz na Mazda Demio, mlio huo hutokana na kiungo cha shafti ambacho mafundi hukiita sivi-jointi. Chungulia nyuma ya gurudumu: ikiwa mpira unaofunika kiungo hicho umepasuka, utaona grisi imetapakaa ndani ya rimu. Mpira ukibadilishwa mapema, kabla ya mlio kuanza, kiungo chenyewe huweza kuokolewa.

Mlio wa breki na wa mashimo

Pedi nyingi za breki zina kibati kidogo kinachogusa diski pedi zinapokaribia kuisha, na kutoa mlio mwembamba. Hilo ni onyo. Mlio ukigeuka na kuwa mkwaruzo mzito kila breki inapokanyagwa, huenda chuma kinasaga chuma, na diski inaharibika.

Hata hivyo, mkwaruzo mkali unaozuka ghafla baada ya kupita barabara ya changarawe mara nyingi ni kijiwe kilichonasa kati ya diski na bati la kuikinga. Kukitoa ni kazi ya dakika chache.

Iwapo mgongo wa "kong" husikika tu gari linapopita kwenye shimo au tuta, basi gurudumu linasingiziwa. Kagua bushi, boli-jointi, shokabzoba na vyuma vinavyoshikilia gari lisiyumbe.

Kupima kwa jeki

Egesha gari mahali tambarare na pagumu, funga breki ya mkono, na zuia magurudumu yasiyoinuliwa kwa mawe au magogo. Inua gurudumu kwa jeki kisha ulitegemeze gari kwa stendi. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee.

Shika tairi juu kabisa kwa mkono mmoja na chini kabisa kwa mwingine, kisha ulitikise. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukitoweka, kasoro iko kwenye beringi. Ukibaki, huenda ni boli-jointi. Likicheza tu linaposhikwa kushoto na kulia, kagua viungo vya usukani.

Hatimaye lizungushe kwa mkono huku kiganja kingine kikigusa springi. Beringi iliyoharibika huleta mtetemo unaosikika kiganjani hata kama masikio hayaambui kitu.

Ukifika gereji

Usimwambie fundi, "Nibadilishie beringi." Mweleze mlio huanza lini, huzidi lini na hukoma lini, kisha mwombe aendeshe gari mkiwa pamoja kabla ya kufungua nati hata moja.

Ikithibitika kuwa ni beringi, nunua mpya. Beringi iliyotumika haionyeshi umri wake kwa macho. Aidha, ile inayoshindiliwa hutakiwa kuingizwa kwa mashine maalumu. Ikigongwa kwa nyundo huweza kupata vijidonda siku hiyo hiyo, na mngurumo ukarudi baada ya muda mfupi.

Nati zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukaguzi huo ni muhimu hata baada ya kuzibiwa pancha. Kusimama juu ya spana ili kukaza zaidi hakufai, kwani huweza kunyoosha au kukata bolti.

Wakati wa kusimama

Zipo dalili zisizoruhusu safari hata ya kutoka Donholm hadi katikati ya jiji: gurudumu linaloyumba, mgongo mzito unaoandamana na kutikisika kwa usukani, mkwaruzo wa chuma kwa chuma kwenye breki, au rimu moja inayotoa joto kali kuliko nyingine. Kadiria joto hilo kwa kusogeza kiganja karibu bila kuigusa.

Hapo egesha gari na umwite fundi alipo. Dalili ya mvua ni mawingu, na gurudumu aghalabu hunguruma kwa muda kabla ya kuchomoka. Anayelisikiliza mapema hulipia spea moja pekee.