Namba Zilizogongwa Chumani

Pikipiki ya Greeves hujitambulisha kwa mbali. Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 zina bomba la chuma linaloshuka kutoka shingo ya usukani hadi chini ya injini. Greeves ina boriti pana ya aloi ya alumini, iliyomiminwa kwenye kalibu huku bomba la shingo likiwa tayari limekaa ndani yake. Rangi hubanduka, mabomba mengine huliwa na kutu, boriti hiyo hubaki. Fundi akikuta fremu tupu bandani, isiyo na tangi wala magurudumu wala jina, anajua ameshika nini.

Kazi ngumu, ya kujua kila kipande kilitoka wapi, huanza baada ya hapo.

Kampuni iliyotengeneza mashine hizo ilizaliwa kwa sababu isiyohusiana na mbio. Bert Greeves alikuwa na binamu, Derry Preston-Cobb, aliyekuwa na ulemavu tangu utotoni. Greeves alimfungia injini kwenye kiti chake cha magurudumu, na kutokana na kiti hicho wawili hao wakaanzisha Invacar, kampuni ya vyombo vya magurudumu matatu kwa watu wenye ulemavu. Serikali ya Uingereza ikawa mteja wao mkubwa. Pikipiki zilianza kutoka kwenye karakana yao ya Thundersley, katika jimbo la Essex, mwaka 1953, na zilirithi wazo moja kutoka kwa vile vyombo vya magurudumu matatu: badala ya springi za chuma, mpira uliokazwa ndani ya bushi na kusokotwa kila gurudumu linapopanda. Foki ya mbele ya Greeves, yenye mikono mifupi inayobeba gurudumu, ilitegemea mpira huo kwa miaka mingi.

Michezo ambayo pikipiki hizi zilitengenezewa ilikuwa na umri tayari. Machi 1924, kwenye nyika ya Camberley kusini mwa Uingereza, waendeshaji walishindana kupita vilima, mchanga na matope, mshindi akiwa anayefika kwanza. Hiyo ndiyo skrambo inayohesabiwa kuwa mama wa motokrosi ya leo. Triali ni mchezo mwingine: mwendeshaji hupanda mawe na mito polepole, na kila akigusa ardhi kwa mguu anaandikiwa adhabu. Mashindano ya siku sita ya Scotland ndiyo makubwa kuliko yote ya aina hiyo. Skrambo inataka nguvu na fremu isiyovunjika, triali inataka wepesi na injini inayovuta taratibu. Tofauti hiyo inaonekana hadi kwenye meno ya gia, na ndiyo sababu mtu anayetafuta vipuri lazima ajue kwanza mashine yake ilizaliwa kwa kazi ipi.

Greeves ilipata sifa yake mwaka 1957 pale Hawkstone Park, Shropshire. Brian Stonebridge, mwendeshaji mrefu aliyetoka kiwanda cha BSA, aliingia uwanjani na Greeves ya cc 197 na kuzisumbua mashine zenye injini kubwa kuliko yake mara mbili. Kiwanda kikaipa skrambo yake jina la uwanja huo. Stonebridge alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1959, na kijana aliyeshika nafasi yake, Dave Bickers wa Suffolk, akachukua ubingwa wa Ulaya wa cc 250 mwaka 1960 na tena 1961. Karakana ndogo ya Essex iliwapita wakubwa wa Ulaya kwa boriti ya alumini na foki ya mpira. Ni mojawapo ya habari nzuri kabisa katika historia ya pikipiki, na inastahili kusimuliwa zaidi ya inavyosimuliwa.

Lakini injini haikuwa yao. Ilitoka Villiers ya Wolverhampton, kampuni iliyoanza mwaka 1898 kwa kutengeneza vipuri vya baiskeli na baadaye ikawa muuzaji wa injini za mipigo miwili kwa karibu kila kiwanda kidogo nchini. DOT ya Manchester ilinunua hapo, Cotton ya Gloucester ilinunua hapo, James na Francis-Barnett vilevile. Kabureta nyingi zilitoka Amal ya Birmingham. Kwa hiyo pikipiki ya matope ya Uingereza ilikuwa mkusanyiko tangu siku ya kwanza. Swali la kama kila kipande ni cha asili halina jibu jepesi, maana asili yenyewe ilikuwa na wazazi wengi.

Hapo ndipo namba zinapofanya kazi. Injini ya Villiers imegongwa namba ya mfululizo, na mbele yake kuna tarakimu na herufi zinazotaja aina. Yenye 32A ni ya triali, 34A ni ya skrambo. Kwa nje hizo mbili zinafanana kiasi cha kumpoteza mgeni. Greeves nayo iliandika aina zake kwa mtindo wake: 20 kwa cc 197, 24 kwa cc 246, kisha herufi, T ya triali na S ya skrambo. Kabureta ya Amal Monobloc, iliyotoka mwaka 1955, ina namba ubavuni. Ikianza na 376 ni ya kipimo cha kati, ikianza na 389 ni kubwa zaidi, na tarakimu zinazofuata huonyesha imeandaliwa kwa ajili ya injini gani. Mtu mwenye brashi laini, tochi na subira anaweza kuipata historia ya mashine kabla hajafungua nati hata moja. Mwenye haraka hupuliza mchanga kila mahali, akafuta maandishi aliyokuwa akiyatafuta.

Wakati mwingine ushahidi si namba bali umbo. Triumph ilipoandaa pikipiki za mashindano ya kimataifa ya siku sita ya mwaka 1948, pale San Remo, Italia, ilitumia silinda za alumini zilizotokana na jenereta ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Waingereza walishinda, na Triumph ikatoa TR5 Trophy. Kwenye silinda za Trophy za mwanzo kuna vinundu vya mraba vilivyokusudiwa kufungia bati la kuelekeza hewa. Pikipiki haina bati hilo, vinundu vikabaki. Toleo la 1951 halinavyo. Anayevijua hawezi kuuziwa silinda ya mwaka mwingine.

BSA Gold Star ina mtego wake. Katika pikipiki hiyo namba ya injini na ya fremu hazilingani, na hazikukusudiwa kulingana. Injini ya DBD34 ilikaa kwenye fremu ya CB32. Mnunuzi aliyezoea Triumph, ambako namba mbili hufanana, huona tofauti hiyo na kudhani ameibiwa. Zaidi ya hayo, kiwanda kiliuza Gold Star kwa maandalizi mbalimbali, ya barabara, ya mbio, ya skrambo, na nyingi za skrambo zilikwenda Marekani. Miaka ilipopita zile za mbio za barabarani zikapanda bei, basi skrambo nyingi zikavuliwa na kuvalishwa usukani wa chini. Kinachoweza kusema ukweli ni daftari za kiwandani zilizookoka, zinazotunzwa na vyama vya wapenzi wa pikipiki za kale. Mtu anayegonga namba mpya juu ya fremu ili zifanane na karatasi anaharibu kitu ambacho hakuna fundi atakayekirudisha.

Kisha kuna hesi. Fundi aliyezoea pikipiki za leo, ambazo nati zake ni za milimita, atapata shida siku ya kwanza. Mashine moja ya Uingereza inaweza kuwa na hesi ya Whitworth, iliyopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, na ile nyembamba iitwayo BSF, na ile ya baiskeli, yenye meno 26 kwa inchi kwenye vipimo vingi. Spana za Whitworth huandikwa unene wa bolti, si upana wa nati. Hatari kubwa ipo kwenye bolti za robo inchi: BSF ina meno 26 kwa inchi, na ya baiskeli vilevile 26, ila pembe ya meno ya kwanza ni digrii 55 na ya pili ni 60. Nati ya moja itaingia kwenye bolti ya nyingine, itakaza, itaonekana sawa. Injini ikitetemeka kwa muda, nati hiyo inalegea, au inang'oa hesi ya alumini na kuondoka nayo.

Swali kubwa kuliko yote ni kuirudisha mashine kwenye siku gani. Pikipiki za matope hazikuachwa zilivyo na waliozishindania. Silinda za Villiers zilitolewa zikawekwa za alumini kutoka karakana ndogo, vishikio vikakatwa, fremu zikachomelewa zilipopasuka. Mfano ulio wazi ni Ariel ya Sammy Miller, mwendeshaji wa Belfast aliyetawala triali za Uingereza, yenye namba ya usajili GOV 132. Ilitoka kiwandani Selly Oak ikiwa HT5 ya cc 500, nzito. Miller aliipunguza mwaka hadi mwaka, akabadilisha chuma kwa alumini na faibaglasi, na fremu ikatengenezwa kwa mabomba mepesi. Mwishoni mwa 1964 alihamia Bultaco ya Hispania, na mwaka uliofuata akashinda siku sita za Scotland kwa injini ya mipigo miwili. Anayetaka kuirudisha Ariel hiyo kama ilivyotoka kiwandani angelazimika kutupa karibu kila kitu kilichoifanya ijulikane. Haikufanyiwa hivyo. Ipo katika jumba la makumbusho la Miller huko New Milton, Hampshire, mji uleule ambako ndugu Don na Derek Rickman walijenga fremu za Métisse kwa ajili ya injini za viwanda vya watu wengine.