Nasaba katika Madaftari: Wahaya Waliovuka Kagera

"Mwacha asili ni mtumwa," husema wahenga. Lakini methali haisemi asili itafutwe vipi na mtu ambaye babu yake aliiacha kabla yeye hajazaliwa. Swali hili si geni Buhembe, katika Manispaa ya Bukoba, wala katika vijiji vya Muleba, kwani hadithi ya ndugu aliyekwenda Buganda asirudi ni hadithi ya kawaida katika nchi ya Wahaya. Miaka hamsini au sitini hupita, kisha huja mgeni kutoka Masaka au Kampala, msemaji wa Kiganda, naye hana mkononi ila jina la babu yake na jina la kilima. Huuliza kibanja chao kilikuwa wapi. Wenye mji humtazama kwa furaha na kwa shaka pamoja. Akiwa ndugu, anayo haki ya kukaribishwa, na pengine haki ya migomba. Asipokuwa ndugu, amekuja kutwaa mali ya watu. Apimwe kwa mizani gani?

Mataifa mengine yamejaribu kulijibu swali hili kwa karatasi. Norwe, nchi ya kaskazini ya Ulaya, ilitoa watu wapatao 800,000 waliohamia Amerika katika muda wa miaka mia moja tangu 1825. Mjukuu wa mmoja wao akitaka kujua alikotoka, hukuta njia imekwisha kufyekwa. Hesabu ya watu ya mwaka 1801 iliandika kila mtu kwa jina lake, na ile ya 1865 vivyo hivyo. Wachungaji waliandika waliobatizwa na waliohama. Na tangu 1867 polisi wa Kristiania, mji uitwao Oslo leo, waliandika wahamiaji waliopanda meli katika bandari yao. Hata hivyo njia hiyo ina mashimo. Wanorwe wengi wa zamani hawakuwa na jina la ukoo lisilobadilika: mwana wa Ole aliitwa Olsen, na Olsen huyo akiwa ni Lars, mwanawe aliitwa Larsen, mpaka sheria ya 1923 ilipoagiza kila jamaa ishike jina moja. Huko Marekani nako, daftari nyingi za hesabu ya 1890 ziliharibiwa na moto uliotokea Washington mwaka 1921. Kwa hiyo mtafutaji mwenye busara hulishika jina la shamba alikozaliwa babu yake, maana watu huhama na majina hugeuka, lakini shamba hubaki pale pale. Hapo Mnorwe na Mhaya hukutana: wote wawili hutafutwa kwa ardhi.

Tofauti yao ni kwamba Mnorwe alivuka bahari, na Mhaya alivuka mto. Mpaka uliomfanya Mhaya kuwa mgeni ng'ambo ya pili ni kijana kuliko biashara ya buni iliyopita hapo. Agano la Waingereza na Wajerumani la tarehe 1 Julai 1890 lilipitisha mstari juu ya digrii 1 kusini ya Ikweta, na mwaka huo huo Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba. Lakini Babito waliotawala Kiziba walikumbuka daima kwamba jadi yao ilitoka Bunyoro. Na baada ya vita vya Mengo vya Januari 1892, Wakatoliki walioshindwa huko Buganda walikimbilia kusini, na mwaka huo huo Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Kashozi. Baadaye mkondo uligeuka. Pamba ya Buganda ilipoanza kustawi, na miji ya Kampala na Nairobi ilipokua, vijana na wanawake wa Buhaya walikwenda kutafuta mshahara na biashara. Kuhama kwenyewe hakukuwa jambo jipya. Jambo jipya lilikuwa kuandikwa.

Shahidi wa kwanza aitwaye na wasomi ni hesabu ya watu. Tanganyika na Uganda zote mbili zilihesabiwa kwa utaratibu wa kisasa mwaka 1948. Tanganyika ikahesabiwa tena 1957, na Uganda 1959. Hesabu hizo ziligawanya watu kwa makabila, na kwa hiyo zaweza kumwonyesha mwanachuoni kuwa Wahaya walikuwako Buganda, na wilaya walizokaa. Lakini zilizochapishwa ni jumla, si majina. Mtu aliyehesabiwa alikuwa chembe katika kibaba cha mchele: kibaba kilipimwa, chembe haikutajwa. Isitoshe, aliyeulizwa kabila lake alijibu kadiri alivyoona inafaa. Mhaya aliyekwisha kukaa Buganda miaka ishirini, akaoa huko na kupewa kiwanja na chifu wa huko, aliweza kujiita Mganda, na karani hakuwa na sababu ya kumbishia. Tanzania nayo iliuliza kabila kwa mara ya mwisho katika hesabu ya 1967. Hesabu, basi, humjua mtu alipolala usiku mmoja. Haijui njia iliyomfikisha hapo.

Shahidi wa pili ni daftari la ubatizo, na huyu hutaja majina. Padre aliandika kwa Kilatini jina la mtoto, la baba, la mama na la msimamizi wa ubatizo. Tena ndani ya daftari hilo mna jambo ambalo watafutaji wengi hulipita bila kuliona. Amri ya Papa ya mwaka 1907, iitwayo Ne Temere, iliagiza kwamba Mkatoliki akifunga ndoa mahali pengine, habari ya ndoa ipelekwe katika parokia aliyobatiziwa, ikaandikwe kando ya jina lake. Maana yake ni kwamba kijana aliyebatizwa Kashozi akaoa Masaka alipaswa kuacha alama nyumbani, ingawa mwenyewe hakurudi. Serikali haikuwa na daftari la waliovuka Kagera kwa miguu. Lakini ukingo mwembamba wa ukurasa wa kanisa, pale padre alipotii amri, umekuwa daftari la wahamiaji bila kukusudiwa.

Hata hivyo shahidi huyu naye ana udhaifu. Hawajui wasiobatizwa, hali kadhalika waliofunga ndoa za kimila. Tahajia yake nayo huyumba: Lwegasira wa ukurasa mmoja ni Rwegasira wa ukurasa mwingine, na akifika Buganda huandikwa kwa kawaida ya Kiganda. Jina la baba halikuwa desturi ya kupasiwa mtoto. Kila mtoto wa Kihaya alipewa jina lake mwenyewe, mpaka shule na ofisi zilipotaka majina mawili. Atafutaye watu wa jina moja aweza kupita mbele ya ndugu yake asimtambue.

Hapo ndipo aitwapo shahidi wa tatu, naye ni ukoo. Mhaya huulizwa jina lake, kisha huulizwa muziro wake, yaani mnyama au kitu ambacho ukoo wake hauli wala haukidhuru. Neno hilo hilo limo katika Kiganda, na Kiswahili kinalo la asili moja nalo, mzio. Bahinda huheshimu tumbili. Babito huheshimu pongo. Hermann Rehse, ofisa wa Kijerumani aliyeandika kitabu juu ya Kiziba mwaka 1910, aliona thamani ya koo hizo, na F. X. Lwamgira, mwenyeji wa Kiziba, alizihifadhi kwa lugha ya nyumbani katika historia ya wafalme wa nchi yake. Jina laweza kubadilika mara tatu katika maisha ya mtu mmoja. Muziro hufuata damu ya baba, nao huvuka mpaka bila hati.

Lakini ukoo si malaika. Buganda pia ina ukoo wa Ngabi, yaani pongo, na mgeni mwenye muziro huo aliweza kupokewa humo kama mwana. Vizazi viwili vikipita, udugu wa kupokewa na udugu wa kuzaliwa hauna alama ya kuutenga. Tena ukoo una sahau yake kubwa: humsahau mwanamke. Watoto wa binti ni wa ukoo wa baba yao, na bibi aliyekwenda Kampala akajenga nyumba kwa jasho lake hutoweka katika simulizi ya jadi kana kwamba hakuzaliwa. Jina lake hubaki katika daftari la ubatizo, katika safu ya mama. Hili si jambo dogo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza, katika shauri lililoanzia Muleba, iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo anayo haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Tangu hapo, kumsahau bibi ni kusahau pia haki.

Nao waliokuja wasisahauliwe kwa ajili ya waliokwenda. Wakati Wahaya walipokuwa wakielekea Buganda, watu wa Rwanda na Burundi walikuwa wakija kulima mibuni ya Bukoba kwa ujira. Mwaka 2013 serikali iliwaamuru wahamiaji wasio na hati waondoke, na operesheni iitwayo Kimbunga ikafuata katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Miongoni mwa maelfu waliovuka mpaka walikuwamo waliokwisha kukaa nchini makumi ya miaka. Upande wa pili wa Kagera, Katiba ya Uganda ya 1995 huhesabu uraia wa kuzaliwa kwa jamii zilizokuwamo nchini tarehe 1 Februari 1926. Pande zote mbili, mjukuu huulizwa juu ya siku ambayo babu yake hakujua kwamba itaulizwa.

Kila shahidi, basi, aliwekwa kwa kazi yake: hesabu kwa ajili ya utawala, ubatizo kwa ajili ya sakramenti, na ukoo kwa ajili ya urithi. Hapana hata mmoja aliyewekwa ili kumrudisha mpotevu nyumbani, na kwa hiyo hapana hata mmoja atoshaye peke yake. Anayemkataa mgeni kwa kuwa hana karatasi hudhani kwamba makarani wa zamani waliona kila kitu. Anayempokea kwa muziro tu hudhani kwamba kumbukumbu haidanganyi. Mwamuzi wa haki huwasikiliza mashahidi wote watatu, na pale wanapotofautiana huuliza kila mmoja alikuwa akiandika au akikumbuka kwa faida ya nani. Mgeni wa Masaka aliyesimama mlangoni Buhembe na jina la kilima mkononi hastahili pungufu ya hilo. Wala wenye kibanja hawastahili.