Simu ikikataa kufungua mahesabu, usikimbilie kufuta

Vikundi vya kukopeshana vya Ngaramtoni, Usa River na kwingineko kuzunguka Mlima Meru vikiweka mahesabu kwenye simu, hisa na mikopo yote hukaa ndani ya faili liitwalo hifadhidata. Sasa tuseme ni siku ya kikao, mweka hazina anafungua programu, na kioo kinamwandikia kwa Kiingereza kwamba faili la hifadhidata halikuweza kufunguliwa. Basi, hakuna zaidi. Hatakosekana wa kumshauri aifute programu aiweke upya. Asikubali. Mara nyingi mahesabu bado yamo. Kule kufuta ndiko kunakoyapoteza.

Ujumbe wa namna hiyo hutoka kwenye SQLite, programu ya kutunza hifadhidata iliyotolewa na Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000, na ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android. Kwa mafundi, hitilafu hiyo ni namba 14. Ubaya wake ni kwamba namba moja imebeba sababu nyingi: huenda faili limehamishwa, kadi ya kumbukumbu imechomolewa, au programu imenyimwa ruhusa. Hata faili likiwepo, SQLite inapoandika huhitaji kuweka faili jingine la muda kando yake, kwenye folda ileile. Folda ikikataa, lawama inaangukia hifadhidata.

Na simu yenyewe inajua kilichotokea. Android imejengwa juu ya Linux, ambayo hutenganisha sababu: 2 ni faili halipo, 13 ni ruhusa hakuna, 28 ni nafasi imejaa. Maelezo hayo huishia njiani, mwenye simu asiyaone.

PostgreSQL, hifadhidata ya kwenye seva, hufanya vizuri zaidi: hutaja jina la faili na sababu, na pengine huongeza dokezo la nini kifanyike. Watengeneza programu wa Arusha wanaweza kuandika hivyo kwa Kiswahili: “Mahesabu hayafunguki kwa sababu kadi ya kumbukumbu haipo. Rudisha kadi, ufungue tena. Usifute programu.”

Kwa sasa, upigie ujumbe huo picha kwa simu nyingine. Rudisha kadi kama ilitolewa, angalia ruhusa za programu kwenye Mipangilio, punguza video kama nafasi imejaa, kisha zima simu na uiwashe. Ikigoma, mpelekee fundi pamoja na ile picha, na umwambie kabla hajaanza kwamba ndani kuna mahesabu ya watu.